Vifungo au zipu: kisa cha jaketi la ngozi na vidole viwili visivyokunjika

Mzee huyu alikuja na picha mbili ndani ya bahasha, ya mbele na ya nyuma. Zilionyesha jaketi fupi la ngozi la mtindo wa miaka ya 1930: kola pana yenye ncha kali, mifuko miwili ya kifuani, mkanda wa nusu mgongoni, na mbele vifungo vitano vikubwa vyeusi. Akaziweka mezani akasema, "Fundi, nataka hili hili. Vifungo vitano. Mengine yote nakuachia wewe."

Nilikubali haraka, na hilo ndilo kosa langu la kwanza katika kazi hii. Nilianza kumpima mabega na kifua, nikaandika, nikampa daftari aweke sahihi. Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimenyooka kama vijiti. Aliniambia vilivunjika miaka mingi iliyopita vikaunga hivyo, havikunji tena. Nikamuuliza shati lake hulifunga vipi. "Navaa fulana," akajibu, "na siku ya harusi mke wangu hunisaidia."

Pale nikafunga daftari. Shati ni kitambaa chepesi chenye kifungo chembamba, na bado lilimshinda. Mimi nilikuwa karibu kumkatia ngozi ya farasi ya milimita 1.2, ambayo ukingoni pa mbele, baada ya kukunjwa na kuwekewa kitambaa cha kuimarisha, hufika milimita 3 hadi 4. Kupitisha kifungo kwenye tundu la unene huo, tena ngozi ikiwa mpya, kunahitaji vidole vya kusukuma na vidole vya kupokea upande wa pili. Yeye upande wa pili hana.

Kwa nini suala hili haliwezi kusubiri

Wateja wengi hudhani ufungaji wa mbele ni pambo linalochaguliwa mwishoni, kama rangi ya uzi. Kwenye ngozi sivyo. Jaketi la vifungo lina pande mbili zinazopandana: kila upande unavuka mstari wa katikati ya kifua kwa sentimita mbili na nusu hivi, ili kifungo kikae juu ya mstari huo na bado kibaki na ngozi pembeni yake. Jaketi la zipu ya katikati halivuki. Pande zake hukoma kabla kidogo ya mstari, na meno ndiyo yanayojaza nafasi iliyobaki. Kwa hiyo kiolezo cha vipande vya mbele ni tofauti kabisa. Cha vifungo unaweza kukipunguza kikawa cha zipu, ilimradi matundu hayajakatwa. Cha zipu huwezi kukiongeza.

Halafu kuna sindano. Pamba ukiifumua unaipiga pasi, nyuzi zinarudi mahali pake. Ngozi haina nyuzi za kurudi. Kila tundu la sindano linabaki hadi siku jaketi linatupwa. Ndiyo maana sikati ngozi kabla mteja hajavaa kitu kinachofungwa vile vile jaketi lake litakavyofungwa, akakifunga na kukifungua mwenyewe mbele yangu.

"Zamani" ni ya mwaka gani?

Nilipomtajia zipu, mzee alikunja uso. Aliiona kama kitu cha majaketi ya siku hizi kilichoingizwa kwenye nguo ya heshima. Nilimwelewa, maana kifungo kinaonekana kizee kuliko zipu, na ni kizee kweli. Lakini kipindi alichokipenda ndicho hasa zipu ilipoingia kwenye ngozi.

Whitcomb Judson alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kifunga chake cha ndoano mwaka 1893 huko Marekani, na kilikuwa kinaachia hovyo. Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, ndiye aliyekibadilisha kikawa na meno yanayoshikana kama tunavyoyajua; kazi hiyo aliikamilisha mwaka 1913 na hataza ikatoka 1917. Jina lenyewe zipu lilienea baada ya kampuni ya B.F. Goodrich kulitumia mwaka 1923 kwa viatu vyake vya mpira vya mvua. Mwaka 1928 Irving Schott wa New York alitoa jaketi la pikipiki aliloliita Perfecto, likiwa na zipu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa jeshi la anga la Marekani: jaketi lao la A-1 la mwaka 1927 lilifungwa kwa vifungo, na A-2 iliyokuja kuchukua nafasi yake mwaka 1931 ikawa na zipu iliyofunikwa kwa ukanda wa ngozi wa kuzuia upepo. Kazi ni ile ile na miili ni ile ile. Ndani ya miaka minne vifungo vikaondoka.

Sikumwambia hayo ili kumshinda kwa hoja. Nilitaka aone kwamba picha yake ni chaguo moja kati ya mawili yaliyoishi pamoja katika miaka hiyo. Mtu aliyevaa zipu mwaka 1935 hakuwa amevaa kitu cha kigeni kwa wakati wake. Baada ya hapo tukaweza kuzungumza kuhusu mkono.

Majaribio matatu

Nilishona vipande vitatu vya mbele kutoka kwenye mabaki ya ngozi ile ile ya farasi, nikavibandika kwa zamu kwenye kizibao kizito cha turubai ambacho mteja anaweza kukivaa. Nikaweka kiti kigumu, kwa sababu mzee huendesha gari saa nyingi kwa wiki, na jaketi linalokaa vizuri ukiwa umesimama linaweza kukutesa ukiketi.

Tulianza na vifungo, kwa heshima ya picha. Nilitumia vya milimita 25 vyenye shingo ndefu ili visizame kwenye unene wa ngozi, matundu nikayalaza mlalo na kuyaachia milimita 3 zaidi ya upana wa kifungo. Hapo nilikuwa nimeshairahisisha kazi kadiri ninavyojua. Kifungo cha kwanza alikifunga kwa mkono wa kushoto peke yake, akiusukuma ukingo wa ngozi kwa kiganja cha kulia. Cha pili kikamtoroka mara mbili. Vyote vitano vilichukua zaidi ya dakika tatu, na alipomaliza alikuwa amenyamaza. Nikamwomba aketi. Kati ya kifungo cha tatu na cha nne ngozi ikafunguka kama mdomo, fulana ikaonekana. Hilo si kosa la mkono wake. Ngozi nzito haijikunji kufuata tumbo kama kitambaa, hivyo nafasi kati ya vifungo lazima ipanuke mtu akiinama. Ukiongeza vifungo nafasi zinapungua, lakini kwake yeye kila kifungo kilichoongezwa kilikuwa adhabu.

Vifungo vya kubonyeza hatukuvitazama sana. Kuvifunga kunahitaji kidole nyuma ya ngozi cha kukinga shinikizo, na kuvifungua ni kuvuta kwa nguvu mahali pale pale kila siku, kitu ambacho hatimaye huchana ngozi inayokizunguka kifungo hata ukiweka kiraka kwa ndani. Alijaribu viwili akatikisa kichwa.

Zipu nayo ilishindwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeiweka bila kufikiri, kichwa kinachovutwa na kisanduku cha chini upande wa kushoto wa mvaaji, na ule msumari mwembamba wa mwisho wa utepe, unaoingizwa kwenye kisanduku, upande wa kulia. Maana yake vidole vilivyonyooka ndivyo vilivyotakiwa kulenga tundu lenye upana wa milimita chache. Alijaribu mara sita. Msumari ulifika mlangoni ukateleza.

Niliifumua, nikaigeuza. Sasa msumari upo kushoto, kwenye mkono mzima, na kisanduku kipo kulia. Nikamtazama vizuri anavyokishika: hakukibana kwa ncha za vidole, alikibana kwa kidole gumba dhidi ya ubavu wa kile kidole cha shahada kisichokunjika. Ubavu ule, kwa sababu haupindi, uliushikilia upande wa chini wa jaketi imara kabisa, kama jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi. Msumari ukaingia jaribio la pili. Akaushika ukingo wa chini kwa kiganja cha kulia, mkono wa kushoto ukavuka na kuvuta kichwa juu hadi shingoni. Alirudia mara nne bila kuangalia chini.

Zipu zinatengenezwa za pande zote mbili, na fundi ndiye anayeagiza, lakini ni nadra mtu kumuuliza mteja ni mkono upi anaouamini. Mimi mwenyewe kabla ya siku ile nilikuwa nauliza kuhusu urefu, rangi na namba tu.

Kuifanya zipu ionekane ya wakati wake

"Lakini fundi," akasema, "litafanana na majaketi yote ya barabarani." Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Zipu ya plastiki yenye utepe unaong'aa ingeliua jaketi hili hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa.

Tulichagua meno ya chuma, shaba ya manjano iliyopakwa nikeli, ambayo mipako yake hulika taratibu na kuacha shaba ichungulie pale kichwa kinapopita mara nyingi. Utepe ukawa wa pamba, uliotiwa rangi ya kahawia nzito kukaribia ngozi. Namba tukachukua 8. Namba za zipu hukaribia upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita, na kwa ngozi hii namba 5 ingeonekana kama imeazimwa kwenye sketi, huku namba 10 ikiwa nzito mno kwa jaketi fupi. Mishono ya ukingoni mistari miwili, hatua ya milimita 3.5, ukishona kwa hatua fupi sana kwenye ngozi unatoboa mstari wa kuchania, kama stempu.

Wiki moja baadaye mzee alirudi na zipu ya zamani ya kweli, haijawahi kutumika, ameitafuta kwa watu wake. Ilikuwa nzuri. Kichwa kidogo, chuma kimefifia vizuri, meno hayana hitilafu. Niliukunja utepe wake karibu na kisanduku, mahali ambapo zipu nyingi hufia kwa sababu ndipo panapovutwa kila unapoingiza msumari. Nyuzi zikakatika kwa sauti ndogo, kama jani kavu. Pamba iliyokaa makumi ya miaka huoza hata ndani ya sanduku. Aliumia, nami niliumia naye. Tuliafikiana kichwa chake kisafishwe na kitumike kama kishaufu cha zipu ya mfuko wa ndani, ambako hakibebi mzigo wowote.

Urefu, ambao nusura unipite

Majaketi ya miaka ya 1930 ni mafupi. Yalikoma kiunoni kwa sababu suruali za wakati huo zilipanda juu hadi kwenye kitovu. Mteja wa leo huvaa suruali inayokaa nyongani, kwa hiyo huomba jaketi literemke sentimita nne au tano ili mgongo usiachwe wazi. Mzee naye aliomba hivyo. Kwenye jaketi la vifungo urefu huo hausumbui, unaacha kifungo cha mwisho bila kufunga. Kwenye zipu unasumbua sana: meno ya chuma ni safu isiyopinda vizuri, na ukiketi safu hiyo inagonga mapaja na kupanda juu, kifua kinavimba wimbi, kola inakufikia kidevuni.

Zipu yenye vichwa viwili, inayofunguka pia kutokea chini, ndiyo tiba ya kawaida. Kwake haikufaa. Vichwa viwili lazima vishuke vyote na kulingana kabisa kabla msumari haujapita, na kazi hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia. Badala yake nilikomesha zipu sentimita 5 juu ya ukingo wa chini, nikaziacha pembe mbili za chini huru, zikiwa zimeviringwa kidogo. Akiketi pembe hizo zinafunguka kama herufi ya V iliyopinduliwa, na safu ya meno haigusi mapaja. Kwenye kiti kigumu tulijaribu sentimita 3, ikagusa. Sentimita 5 haikugusa.

Kushona

Ngozi huvutika chini ya mguu wa cherehani na utepe wa zipu hauvutiki, kwa hiyo ukiviacha vijiendee unafika juu ngozi ikiwa imekuzidi nusu sentimita na mbele imejaa mawimbi ambayo hakuna pasi ya kuyaondoa. Nilitangulia kushona utepe mwembamba wa pamba usiovutika ndani ya ukingo wa ngozi, kisha nikaweka alama kila sentimita 10 kwenye utepe wa zipu na kwenye ngozi, pande zote mbili, nikavishikanisha kwa gundi nyepesi na vibanio. Pini sikutumia, pini ni tundu. Mguu wenye gurudumu ukapita juu yake polepole. Pale chini kwenye kisanduku na kwenye msumari nikaongeza viraka vidogo vya ngozi nyembamba juu ya utepe, upande wa ndani, ili mvuto usiangukie nyuzi peke yake.

Nyuma ya zipu niliweka ukanda wa kuzuia upepo wa upana wa sentimita 4, wa ngozi ile ile iliyopunguzwa unene kwa kisu. Kwenye kichwa cha zipu nikafunga kamba ya ngozi ya sentimita 6, iliyosukwa, nene kiasi cha kujaa kwenye ngumi.

Vifungo alivyovipenda havikupotea. Viwili vilienda kwenye mifuko ya kifuani, na viwili kwenye vikono, ambako nilikaribia kurudia kosa lile lile. Kifungo cha mkono wa kushoto hufungwa kwa mkono wa kulia, ule wenye vidole vilivyonyooka. Nilipanua vikono kwa sentimita 2 ili kiganja kipite kifungo kikiwa kimefungwa. Hajawahi kukigusa tangu siku ya kwanza.

Miezi minane baadaye

Alirudi mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Zipu ilikuwa inakwama kifuani, daima mahali pamoja. Nililigeuza jaketi nikaona kosa ni langu: ukingo wa bitana nilikuwa nimeuacha karibu mno na meno, na kila kichwa kilipopita kiliunyofoa kidogo, uzi umeshaanza kulegea. Niliusogeza nyuma kwa milimita 8 na kuushona chini kwa mkono. Meno nikayapaka nta ya nyuki. Haijakwama tena.

Ya pili ilikuwa ya kuongeza kamba ya kichwa kwa sentimita 2, kwa sababu wakati wa baridi huvaa glavu. Vile viraka vya chini nilivikagua kwa kioo cha kukuzia, utepe haujaanza kufumuka. Wimbi halipo. Nikeli imeanza kulika katikati ya kifua, kama nilivyomwahidi.

Kilichobaki ni shingo. Jaketi la A-2 lilishikiza ncha za kola kwa vifungo vya kubonyeza vilivyofichwa, na kwa mzee huyu hivyo tulishavikataa, kwa hiyo nilimwachia kola wazi. Anasema upepo unamwingilia asubuhi akitembea kwenda kwenye gari. Nimemchorea ndoano moja bapa ya shaba chini ya kola upande wa kushoto, na pete ya ngozi upande wa kulia, pana ya kutosha kupitisha ndoano bila kulenga. Imeshonwa kwenye kipande cha mabaki, ipo hapa mezani. Atakuja kuijaribu mwenyewe kabla sijaitoboa kola.